Kofia ya Punje za Mahindi

Kama kuna mwanamke mwingine aliyewahi kutapika siku ya kupangiwa tarehe ya harusi yake, basi ajue hayuko peke yake. Mimi Ruthu, binti wa mzee Yoramu wa Mvumi, nilitapika Jumapili saa tisa na nusu alasiri, nyuma ya nyumba ya mama mkwe wangu mtarajiwa, chini ya mpapai, nikiwa nimevaa gauni jipya. Wala watu wasianze kuhesabu miezi kwa vidole. Sikuwa na mimba. Kilichonitapisha ni kofia ya mtoto.

Tulifika pale saa nane na robo, mimi na Mwajabu. Mwajabu ni mtu wa Busi, kule Kondoa. Tulikuwa tukipiga taipu ofisi moja hapa Dodoma na tumepanga vyumba vilivyopakana. Nilimwomba anisindikize kwa sababu msichana haendi ukweni peke yake kusikiliza siku yake ikitajwa, ataonekana ana haraka.

Optatus, mchumba wangu, alitupokea mlangoni. Jamani, yule mwanaume! Shati jeupe, suruali imenyooka, na ile sauti yake nzito ya taratibu. Akiniita jina langu mara moja tu, nilikuwa nasahau nilichotaka kusema. Miaka ishirini na saba nimesikia sauti nyingi, lakini ile ilikuwa inaingia hadi magotini.

"Umependeza, Ruthu," alininong'oneza.

"Na wewe umejimwagia chupa nzima ya manukato?"

"Imetoka Dubai hiyo. Siku hizi kila kitu kinapatikana."

"Shemeji, tuko wawili hapa mlangoni," Mwajabu alisema. "Na mmoja ana kiu."

Tukacheka, tukaingia. Huo ndio ulikuwa mwisho wa kucheka kwangu siku ile.

Sebule ya Mama Optatus ilikuwa imevishwa nguo kila mahali. Makochi yalikuwa na vitambaa, stuli zilikuwa na vitambaa, redio kaseti ilifunikwa, na ile deki ya video iliyoletwa na mwanawe mkubwa ilifunikwa mara mbili. Mimi mwenyewe ni mfumaji, vitambaa havinitishi. Nilijisemea moyoni kwamba na mimi nitapata pa kuweka vya kwangu.

Nilipiga goti. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu! Karibu, karibu sana. Keti hapa karibu yangu. Na huyu mwenzio naye karibu."

Nilishangaa. Mwezi wa sita mama huyu huyu alikuwa amesema hataki kusikia habari zangu. Mimi ni Mwanglikana, wao ni Wakatoliki wa kuzaliwa, na alimwambia Optatus kwamba kabla hajaniona madhabahuni na mwanawe atakuwa amekwisha kufa. Kisha ghafla, mwezi wa saba, akalainika. Optatus aliniambia ni maombi. Mimi kwa upande wangu nilikuwa nimekubali kubadili dhehebu, na baba yangu kule Mvumi alikuwa hajaniandikia barua tangu aliposikia. Kwa hiyo mjue nilichokuwa nimeweka rehani mimi kufika kwenye kochi lile.

"Mkwe, tumiminie chai," mama alisema. "Nataka kuona mkono wako."

Hii ni desturi yao. Binti akimimina chai bila kumwaga, mama anataja siku. Optatus alinikonyeza. Nikanyoosha mkono kuishika chupa ya chai, nayo pia ilikuwa imevishwa nguo ya kufuma ya rangi ya njano, nikaizungushia vidole.

Vidole vyangu vikajua kabla ya macho.

Vilikuwa vinundu vidogo vimepangwa kwa mistari, vimejaa, vimekaribiana. Punje za mahindi. Niliigeuza ile chupa polepole. Juu, pale palipokuwa kilele cha kofia, palikuwa pamekatwa kwa mkasi ili kifuniko cha chupa kipite, na nyuzi zilikuwa zimeanza kuchomoka pembeni.

Ilikuwa kofia ya Anyesi.

Inanibidi nieleze, maana bila hivyo mtaniona nina wazimu. Mimi na Mwajabu tulikuwa na kazi yetu ya jioni. Tulikuwa tukienda kwenye marundo ya mitumba kutafuta masweta yaliyotoboka, yale ambayo hata muuzaji anayaona aibu. Tunayafumua, tunafua ule uzi, tunauzungushia mgongo wa kiti unyooke, kisha tunafuma upya kwa ile sindano yenye kindoano nchani. Tuliwafumia marafiki soksi za watoto, tukawafumia wagonjwa shali. Mwaka ule wa tisini na tatu, kabla ya baridi ya mwezi wa saba na upepo wake wa vumbi, nikaamua kuwafumia kofia watoto kumi na wanne wa kituo kimoja cha watoto wasioona, nje ya mji upande wa mashamba ya zabibu.

Sasa, watoto wasioona wakipewa kofia kumi na nne zinazofanana, kila asubuhi ni ugomvi. Kwa hiyo nilimuuliza kila mtoto anapenda kushika nini. Anyesi, ambaye ana miaka tisa na mdomo wa mtu wa arobaini, alisema, "Punje za mahindi, dada, yakiwa bado kwenye gunzi." Abeli alitaka kishada cha zabibu. Mwingine alitaka ngazi, mwingine pembe za mbuzi. Kila kofia niliiwekea alama yake ya kugusa. Nilifuma wiki saba mpaka kidole cha shahada kikaota sugu.

Zilipokamilika nilibanwa na kazi, na Optatus alikuwa na safari ya upande ule na gari la ofisi. "Nipe mimi, mpenzi," alisema, "nitawafikishia." Jioni aliporudi alikaa kwenye kizingiti cha chumba changu akanisimulia. Alisema Anyesi aliishika kofia yake, akaipapasa punje moja moja kwa kidole kidogo, akahesabu mpaka kumi na mbili, akacheka, kisha akaibusu. Alisimulia kwa ile sauti. Mimi nililia. Na palepale kwenye kizingiti, aliponiuliza kama nitakubali kuwa mke wake, nilisema ndiyo. Nilisema ndiyo kwa sababu ya kile kidole kidogo.

Na sasa kile nilichokifuma kilikuwa mkononi mwangu, kina madoa ya chai, kinanuka maziwa yaliyochacha.

"Mbona umeganda, mkwe?" mama aliuliza. "Chai itapoa."

Nilimwangalia Optatus. Hakuniangalia. Alikuwa anatazama kiatu chake kwa makini, kama mtu anayesoma gazeti. Hapo ndipo nilipojua.

Nikaanza kuziona zote. Bakuli la sukari lilikuwa limevaa ngazi. Chini ya jagi la maji palikuwa na pembe za mbuzi. Moja ilikuwa imekunjwa mara nne kuwa kishikio cha sufuria, imeungua ukingo na kushiba mafuta ya samaki. Hata hivyo nilimimina. Nilimimina vikombe vinne bila kumwaga tone, maana mama yangu alinilea.

"Safi!" Mama Optatus alipiga makofi. "Mkono wa mke huo." Kisha akainama chini ya kochi, akachukua kopo.

Mama huyu alikuwa anavuta ugoro. Sina neno na mtu anayevuta ugoro, bibi yangu naye alivuta mpaka anakufa. Lakini lile kopo lake la kutemea lilikuwa limevishwa, lipendeze mbele ya wageni. Lilivishwa kofia ya zambarau yenye kishada cha zabibu mbele, na ukingo wake ulikuwa umelowa mate ya kahawia yaliyokaukia juu ya mengine. Akatema. Mate yakapitiliza kidogo, yakashuka polepole juu ya zabibu za Abeli.

"Samahani, mama," nilisema, nikatoka mbio.

Mwajabu alinikuta chini ya mpapai. Alinishika paji la uso mpaka nikamaliza, akanipa kanga yake nijifute.

"Umekula nini?"

"Kopo," nilisema. "Mwajabu, umeliangalia lile kopo?"

"Nimeliangalia." Macho yake yalikuwa mekundu. "Ile zambarau niliifumua mimi. Nilidhani nimekosea."

Optatus akatokea mlango wa jikoni. Mwajabu alimtazama juu mpaka chini, akasogea hatua kumi, akasimama pale, hakuenda mbali zaidi.

"Ruthu, usilikuze hili jambo," Optatus alianza. Sauti ilikuwa ileile, nzuri ileile. Kwa mara ya kwanza ilinipita masikioni kama maji ya mfereji.

"Watoto walipata nini?"

"Walipata kofia. Sikuwanyima. Nilipita sokoni nikachukua nyingine, za mitumba, nzuri tu, za sufu. Kumi na nne. Nimewapelekea mwenyewe kwa mikono yangu."

"Za nani?"

"Za mtu yeyote! Ruthu, kofia ni kofia. Wale watoto hawaoni."

Kinyaa kikanipanda upya, ila safari hii hakikuwa cha tumboni. Nilikuwa namwangalia mdomo. Mdomo uleule niliokuwa naota usiku.

"Hawaoni," nilirudia.

"Nisikilize. Mama alikuwa amekataa. Unajua alivyokataa. Aliukuta mfuko ndani ya gari akazitoa moja moja, akazipenda. Akauliza nani kafuma. Nikamwambia ni wewe. Nikamwambia umemfumia yeye, zawadi. Kuanzia siku ile akaanza kukuita mkwe. Nilifanya kwa ajili yetu! Ningekataa, tungekuwa wapi leo?"

"Ungeniambia."

"Ungekubali?"

"Ningemfumia mama yako nyingine. Ningemfumia nyumba nzima, Opta. Ningemfumia hata paa."

Akajaribu kunishika mkono, nikaurudisha nyuma. Nilihisi kama mkono wake unanata.

"Nitawanunulia sweta mpya," alisema. "Kila mtoto. Kesho."

"Sikuulizi habari za sweta. Nakuuliza habari ya kidole."

"Kidole gani?"

"Ulikaa kwenye kizingiti changu ukaniambia Anyesi alihesabu punje mpaka kumi na mbili. Ukasema aliibusu. Kile kidole ulikitoa wapi?"

Aliona haya, angalau hilo nampa. Alijikuna shingo. "Nilijua ndicho unachotaka kusikia."

"Ukabuni."

"Nilitaka ufurahi, Ruthu. Ni dhambi mtu kutaka mpenzi wake afurahi?"

Mwenzenu nilikuwa nimepakwa mafuta kwa mgongo wa chupa miezi mitatu, nami nang'aa nayo mjini. Nilimkosa baba yangu kwa ajili ya hadithi. Nilikuwa tayari kubadili kanisa kwa ajili ya hadithi. Na jambo lililonichukiza kuliko mate ya ugoro ni kwamba hadithi ilikuwa nzuri. Mtu anayeweza kubuni kidole cha mtoto kipofu namna ile, kwa ufundi ule, huku mfuko wa kofia umo kabatini kwa mama yake, angenibunia nini katika miaka arobaini ya ndoa?

"Nakupenda," alisema.

Nilimwamini. Hilo nalo lilinitia kichefuchefu.

Nikarudi sebuleni. Nikapiga goti tena, safari hii mbele ya kochi la mama.

"Mama, naomba radhi. Nina jambo la kukuomba."

"Sema, mwanangu. Unaumwa? Au ndiyo mambo ya kina mama hayo?" Alitabasamu huku akiniangalia tumbo.

"Siumwi. Hizi kofia ulizovisha vyombo hazikuwa zako. Nilizifuma kwa ajili ya watoto wasioona. Kila mtoto na yake. Naomba nizichukue."

Tabasamu likamtoka taratibu. Alimgeukia mwanawe aliyekuwa amesimama mlangoni.

"Opta. Si ulisema binti amenifumia mimi?"

"Mama, tutaongea baadaye."

"Nakuuliza sasa! Ulisema kaniletea zawadi kumi na nne, moja kwa kila mwaka tangu baba yako afariki. Nikalia, Opta. Nikampigia magoti Mungu kumwomba radhi kwa niliyomsema binti wa watu."

Tukatazamana, mimi na yule mama. Basi kila mmoja wetu alikuwa amepewa hadithi yake, na zote mbili zilikuwa za kumliza mtu. Nilikuwa nimerudi ndani nikimchukia kwa sababu ya lile kopo. Chuki ikanikwama njiani. Alianza kuivua chupa ya chai mwenyewe, akalivua bakuli la sukari, akalitoa jagi. Mwajabu alikwenda jikoni kwa ruhusa yake akaleta zilizokuwa huko. Zilipofika kumi na tatu, mama akalishika kopo, akaona haya.

"Hii nitakufulia nikuletee."

"Nipe tu, mama."

"Ni chafu, mwanangu."

"Naijua. Niliifuma mimi."

Akaivua, akaifunga kwenye gazeti, akanikabidhi kwa mikono miwili. "Na tarehe?" aliuliza kwa sauti ndogo sana. "Nilikuwa nimepanga niseme Desemba."

Sikuweza kumjibu yeye. Nilimjibu Optatus, kwa sababu ndiye aliyestahili kusikia. "Mwambie mama yako kwa nini haitakuwepo. Mwambie ukweli, mara hii moja. Ukishindwa, utakuja kuniambia mimi kwamba umemwambia, na nitajua unabuni."

Alinifuata mpaka getini. Aliniita jina mara mbili. Sitawadanganya, mara ya pili nilisimama. Mwajabu akanikamata kiwiko, akanivuta kama mbuzi wa mnadani, na hatukugeuka.

Niliosha zile kofia siku tatu. Ya Abeli niliifua maji saba, ugoro haukutoka. Ikabidi nifanye kile tunachokifanya kwa masweta ya mitumba. Nikatafuta tanzi la mwisho, nikalivuta. Kofia yote ikafumuka mkononi mwangu mstari kwa mstari, nikautupa ule uzi, nikafuma nyingine kwa uzi mpya. Ya Anyesi niliiziba pale juu palipokatwa. Usiku nililia, mchana nilipiga taipu. Nilimwandikia baba barua fupi: Sibadili dhehebu, siolewi, nitakuja Krismasi, naomba unisubiri stendi.

Jumamosi nilikwenda kituoni na mfuko wangu. Watoto walinijua kwa miguu kabla sijasema neno, wakanizunguka. Nikawagawia. Hakuna aliyeuliza ipi ni yake. Kila mmoja alipapasa, akakataa, akapitisha kwa mwenzake, mpaka kila kichwa kikapata chake. Abeli alizihesabu zabibu akasema zimeongezeka mbili. Ni kweli.

Anyesi alikaa kando juu ya jiwe, ameshika kofia yake magotini, anapapasa pale nilipoziba.

"Palikatwa hapa," alisema.

"Palikatwa. Nimeshona. Nisamehe, Anyesi. Zile mlizopewa hazikuwa zangu."

"Tulijua, dada."

"Mlijua lini?"

"Siku ileile. Yule kaka alisema, hizi kazifuma dada Ruthu. Nikatafuta punje, hakuna. Nikajua anadanganya."

Mwezi wa nane, mchana wa jua kali, hakuna aliyevaa kofia, nilikuwa nimekaa pale pale, kwenye jiwe lile, nikawauliza kama kofia zinawatosha. Wote kumi na wanne walisema zinatosha, asante dada.

"Nilikuja hapa, Anyesi. Niliwauliza. Mbona hukuniambia?"

Akaivaa kofia, akaivuta mpaka masikioni, ndipo akajibu.

"Siku ile kila ukimtaja ulikuwa unacheka. Ukasema unaolewa naye. Abeli akataka kusema, nikamfinya. Tukakubaliana tusiseme."

Mimi mwenye macho mawili nilikaa na yule mtu karibu mwaka mzima. Wao walikuwa naye nusu saa.

"Bado unaolewa?" Anyesi aliuliza.

"Hapana."

"Kweli?"

"Kweli."

"Basi naweza kusema?"

"Sema, mwanangu."

Akavuta pumzi kama mtu aliyebeba ndoo ya maji tangu mbali sana. "Ile kofia aliyonipa ilikuwa inanuka, dada. Tangu siku ya kwanza."

Kitu kikanipasuka kifuani na sauti ikanitoka, kubwa, hata watoto wengine wakanyamaza. Anyesi alinisogelea, akanyoosha vidole vyake, akanipapasa mashavu na mdomo taratibu, kujua kama nilikuwa nacheka au nalia.